Juu ya Mwalimu Kuingia Darasani na Mtoto Wake Mdogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Ngonga, Wilaya ya Kyela. Msemaji ni mwalimu wa shule ya msingi.)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme neno katika mkutano huu, alinipa ruhusa ya kuchagua jambo lo lote lihusulo kazi yetu. Nalifikiri kwanza juu ya madaraja na mishahara, lakini nikaona wamo humu wenye kuyajua mambo hayo kunipita, nao wameyasema mara nyingi hata sisi wengine twaweza kuyakariri usingizini. Nikafikiri juu ya kiinua mgongo. Hilo nalo si zamu yangu bado. Basi nimechagua jambo dogo, ambalo huenda baadhi yenu mtacheka mkilisikia, yaani mwalimu kuingia darasani na mtoto wake mdogo. Atakaye kucheka na acheke sasa, maana mbele kidogo kicheko kitakuwa kizito.

Mwaka jana mimi mwenyewe nalifanya jambo hilo kwa muda wa majuma sita. Mke wangu ni muuguzi, na kituo chake kiko mbali na changu, kama ilivyo kwa wengi wenu ambao nyumba zao zimegawanywa na barua mbili za uhamisho. Zamu zake nyingi ni za usiku. Kwa hiyo mtoto wetu, aliyekuwa na miaka miwili na miezi michache, alikaa kwangu. Mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa akimtunza, lakini miguu ilimshinda, na mtoto wa umri ule hatunzwi na mtu aliyeketi.

Nikafanya kama wafanyavyo watu. Nikapeleka habari kwa jamaa zetu, nikaletewa binti wa miaka 12, mtoto wa ndugu, ili amshike mtoto niwapo kazini. Alikuwa amefika darasa la tano. Nalimwambia baba yake kwamba atarudi shuleni mwakani. Neno hilo "mwakani" nadhani hapana mtu humu asiyelijua. Limewalea watoto wengi wa watumishi wa Serikali. Baba yake akakubali kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mwalimu, na aliona kwamba binti akikaa nyumbani kwa mwalimu hawezi kukosa elimu. Na mimi, kila siku asubuhi, nalimpita mlangoni nikiwa na kitabu cha mahudhurio mkononi, nikienda kuita majina ya watoto wa darasa la tano.

Nyumba yangu iko karibu na shule. Wakati wa mapumziko binti alimleta mtoto nimwone, kisha akarudi naye. Siku moja ya mwezi wa Aprili ikanyesha mvua ya huku kwetu, ambayo haina haja ya kusimuliwa kwa watu wa bonde hili, naye akashindwa kurudi. Akasimama chini ya paa, nje ya dirisha la darasa langu, mtoto amemfunga mgongoni kwa kanga. Nalikuwa nikifundisha kujumlisha sehemu: nusu na theluthi. Darasa zima, watoto 72, walikuwa wamekwisha kunijibu kwa sauti kubwa kwamba ni mbili juu ya tano, nami nalikuwa nikihangaika kuwaonyesha kosa lao. Nikamwona yule binti anachungulia. Nikadhani mtoto analia. Nikatoka nimwambie asogee mahali pasipo baridi, nikakuta kwamba mtoto amelala, na juu ya ukuta wenye unyevu binti ameandika kwa kidole chake: tano juu ya sita.

Sikusema kitu. Nikarudi ndani nikamaliza kipindi.

Usiku ule nalijitetea sana mbele ya nafsi yangu. Nalisema sikumwajiri, ni ndugu. Nalisema anakula vizuri. Nalisema ni mwaka mmoja tu. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imefanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima, wala sikuona katika sheria hizo mahali palipoandikwa "isipokuwa kwa jamaa za walimu." Juma lililofuata binti aliandikishwa darasa la tano katika shule yetu, akakaa dawati la pili kutoka mbele. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine, nikaingia darasani na mtoto.

Sasa nitawaeleza ilivyokuwa, maana wako wasemao kwamba mtoto darasani ni baraka, na wako wasemao kwamba ni fedheha, na wengi wa pande zote mbili hawajajaribu. Nalimtandikia mkeka pembeni mwa meza, nikampa vipande vya chaki na kibao. Kwa robo saa alikuwa kama malaika. Kisha akala chaki. Kisha akataka kuchukua kitabu cha mahudhurio. Watoto 72 walikuwa wakitazama mkeka, na mimi nikifundisha ubao. Nikampakata mkono wa kushoto nikaandika kwa mkono wa kulia, na yeye akafuta kwa kiganja niliyoyaandika. Darasa likafurahi sana. Sijapata kuwa mwalimu mwenye kupendwa kama siku ile, na sidhani kama nalifundisha neno moja.

Siku ya pili alilia. Nami, bila kufikiri hata dakika moja, nikamwita msichana mmoja wa mstari wa nyuma, mwenye adabu na mkono mwepesi wa watoto, nikamwambia, "Mchukue nje kidogo." Alikaa nje vipindi viwili. Siku ya tatu nikamwita mwingine, na ya nne mwingine. Siku ya tano tu, nilipokuwa nikisahihisha madaftari, ndipo nilipoona kwamba madaftari manne hayana zoezi, na yote manne ni ya wasichana. Hata mara moja sikumwita mvulana. Nalimwondoa binti mmoja nyuma ya dirisha, nikawatoa wanne ndani ya mlango. Jambo hili nalisema kwa aibu, lakini nalisema, kwa sababu najua si mimi peke yangu nimelifanya. Na watoto hawa hawatuambii, maana kwao kuitwa kumshika mtoto wa mwalimu ni heshima.

Liko na jingine. Wazazi waliponiona njiani na mtoto begani na madaftari kwapani walinisifu mno. Wazee waliniambia "ndaga", wakasema baba wa namna hii ni nadra. Mwalimu mwenzangu, bibi mmoja, alisikia sifa hizo akatabasamu tu. Baadaye aliniambia kwamba mwaka uliotangulia yeye naye alikuja na mtoto wake kwa siku tisa, na watu wale wale walisema kwamba amechoka na kazi na afadhali akae nyumbani. Sikuwa na la kumjibu.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Mkuu, jambo ambalo ilinipasa kulifanya kabla ya kutandika mkeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, asinigombeze, akaniuliza neno moja tu: "Umeandika?"

Mabwana makarani, ninyi mtalipenda swali hilo kuliko walimu. Sikuwa nimeandika. Hakuna mahali po pote palipoonyesha kwamba mtoto yuko shuleni. Kwa karatasi hakuwapo. Na kwa kuwa hakuwapo, hakuna aliyepanga nani amshike, nani asiitwe, nani alipwe, wala mwisho wake ni lini. Hapo nikafahamu ya kwamba ubaya haukuwa mtoto kuja. Ubaya ulikuwa kwamba alikuja kwa siri iliyo wazi, ambayo kila mtu anaiona na hapana mtu anayeiandika, na mzigo wa siri namna hiyo humwangukia aliye mdogo kuliko wote.

Niruhusuni kidogo niingie katika hesabu. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mama mtumishi hupata likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Baba hupata siku 3 zisizopungua, naye yampasa azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Sheria hiyo yampa mama anyonyeshaye ruhusa ya muda usiozidi saa mbili kwa siku, katika saa za kazi, amnyonyeshe mtoto wake. Upande wa pili, Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilisema elimu ya awali ni ya watoto wa miaka mitatu hata mitano. Basi chukueni kalamu. Miaka mitatu ni siku 1,095; toeni 84; zinabaki 1,011. Katika siku hizo 1,011 mtoto wa mtumishi hana mahali katika karatasi yo yote ya Serikali. Hayuko likizoni na mama yake, wala hayuko darasani na wenzake. Nani amemshika? Ninyi mwajua ni nani. Amesimama nje ya dirisha.

Na zile saa mbili je? Ni haki nzuri, lakini haki hiyo imeandikwa kama kwamba mtoto yuko karibu. Mwalimu ambaye mtoto wake yuko mwendo wa saa nzima katika matope, saa mbili zake zote huishia njiani. Afya ya dunia yatuagiza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama matupu kwa miezi sita. Likizo yatupa majuma 12. Majuma mengine yote hapo kati, ama mtoto aje mama alipo, ama shauri la madaktari livunjwe. Sioni njia ya tatu.

Wako watakaosema kwamba zamani mambo haya hayakuwa na shida. Ni kweli, na sababu yake yafaa kutazamwa. Katika nchi hii ya Wanyakyusa mama alikwenda shamba la mpunga au la ndizi na mtoto mgongoni, na mtoto akisha kuachishwa ziwa alishikwa na ndugu zake wakubwa kidogo. Wavulana wakifika miaka kumi hivi walitoka wakajenga kijiji chao wenyewe, rika moja. Monica Wilson, aliyekaa huku katika miaka ya 1930, aliviandikia vijiji hivyo kitabu kizima, kilichotolewa mwaka 1951. Wasichana walibaki kwa mama zao. Kisha wamisheni wa Moravian na wa Berlin walifika mwaka 1891, na shule zikafuata. Na baada ya miaka mingi shule ikawa lazima kwa kila mtoto. Ni jambo jema, nami nala mkate wangu kwa hilo. Lakini tazameni: shule ndiyo iliyomwondoa mlezi nyumbani. Ikamwita dada mkubwa darasani, kisha ikamwita mama naye aje kufundisha, na hapana aliyeuliza mtoto mchanga atabaki na nani. Hata waliotutangulia katika vyama vya namna hii, tangu walipoungana Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba mbele yao, hawakuwa na haja ya kuliuliza. Makarani karibu wote walikuwa wanaume, na watoto walikuwa nyumbani kwa mama zao.

Mara moja tu katika historia yetu naona mlango ulifunguliwa kwa mtoto bila mabishano. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata akina mama walikuja madarasani jioni na watoto migongoni. Mtoto alinyonya, mama akaandika. Wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa kama 67 katika kila mia mwaka 1967, walishuka hata karibu 39 mwaka 1975. Kama akina mama wale wangaliambiwa waje bila watoto, viti vingapi vingalibaki vitupu? Lakini nakiri, yule alikuwa mwanafunzi. Mwanafunzi akiangalia mtoto wake amepoteza sentensi moja, naye ni yeye. Mwalimu akiangalia mtoto wake, watoto 72 wamepoteza sentensi hiyo pamoja. Kwa hiyo sisemi kwamba mlango wa mwanafunzi na wa mwalimu ni mmoja.

Nitatoa mifano miwili ya mbali, kisha nirudi Ngonga. Tarehe 7 Agosti 2019, katika Bunge la Kenya, Bi Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini na mtoto wake wa miezi mitano. Akaamriwa atoke, kwa kuwa kwa kanuni za ukumbi mtoto yule ni mgeni. Na nchi ile ilikuwa imekwisha kutunga Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayowataka waajiri kuweka chumba cha kunyonyeshea watoto. Mwaka uliotangulia, Septemba 2018, Waziri Mkuu wa New Zealand wakati huo, Jacinda Ardern, alikuja na binti yake wa miezi mitatu katika ukumbi wa Umoja wa Mataifa, New York. Mama aliposimama kusema, aliyempakata mtoto alikuwa baba yake. Lakini lililonipendeza mimi ni jingine: mtoto yule alifanyiwa kitambulisho chake mwenyewe. Mmoja alikuwa wa miezi mitano, mwingine wa miezi mitatu, na sidhani kilio chao kilikuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa karatasi.

Basi na mimi nikaandika. Barua yangu ilikuwa ya mistari tisa. Mwalimu Mkuu akajibu kwa maandishi, na nakala imo katika faili. Alinipa ruhusa ya majuma matano yaliyobaki kabla ya likizo, kwa masharti aliyoyafikiri vizuri kuliko nilivyofikiri mimi. Mwanafunzi ye yote asitolewe darasani kumshika mtoto, wa kike wala wa kiume. Vipindi vyangu vya saa ambazo mtoto yu macho nibadilishane na mwenzangu, nami nilipe kwa kufundisha vyake mtoto alalapo. Siku za mtihani mtoto asije kabisa. Tena nitafute njia nyingine kabla ya muda kwisha, maana ruhusa haitaongezwa. Nalitaka kumpeleka katika darasa la awali, ingawa umri wake haujafika. Mwalimu wa darasa lile aliniuliza kwa upole, "Na wenzio wote wakileta wa kwao?" Yeye ana watoto wengi kuliko mimi, na wote wadogo. Nikaona haya, nikaacha.

Yale majuma matano yalikwenda vizuri kuliko la kwanza, lakini sitawadanganya. Madaftari yalichelewa kusahihishwa. Mwenzangu tuliyebadilishana vipindi alichoka, ingawa hakusema. Mtoto kuja darasani ni dawa ya siku chache, kama kwinini. Haifai kuwa chakula.

Njia tuliyoipata mwishoni ni hii. Walimu watatu wenye watoto wadogo tulikwenda kwa mama mmoja mjane, mtu mzima, anayekaa nyuma ya uwanja wa shule. Yeye awashika watoto wanne katika baraza yake, na kila mwisho wa mwezi sisi twamlipa sawasawa, baba na mama bila ubaguzi, na tumeandikiana. Wakati wa mavuno ya mpunga huomba siku zake, nasi twampa na kupeana zamu. Yule bibi mwalimu, ambaye ana mtoto anyonyaye, saa zake mbili za sheria zimeingizwa katika ratiba ya shule kwa wino, nusu saa hapa na nusu saa pale. Na kwa kuwa baraza ni mwendo wa dakika tatu, saa hizo sasa ni saa kweli. Haikutupasa kungoja fedha kutoka Dodoma kwa hilo. Kiasi tunachotoa kila mmoja ni kidogo kuliko nilichokuwa nikitumia kumlisha na kumvika yule binti, na wakati ule nalijiona mkarimu.

Najua si kila kituo kina mjane nyuma ya uwanja. Wako wanachama walio peke yao katika zahanati na ofisi za vijiji kando ya ziwa, ambao hawana mwenzao wa kubadilishana naye zamu, wala wa kuchanga naye. Kwa hao sina jibu zima, na sipendi kuwapa la kubuni. Ila naomba wasiachwe wajifiche.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi mawili, na naomba yaandikwe katika kumbukumbu. Kwanza, tawi letu limwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri kuomba kwamba saa mbili za kunyonyesha ziingizwe katika ratiba za shule na zamu za zahanati kwa maandishi, isiwe kila mama aende kuziomba upya kama sadaka. Pili, sisi wanachama wenyewe, kabla ya barua hiyo kupelekwa, kila mmoja aangalie nyumbani kwake nani amemshika mtoto, ana miaka mingapi, na jina lake limo katika kitabu cha mahudhurio cha shule gani. Katibu asiandike barua ya kudai haki kwa mkono mmoja hali mkono mwingine umemfungia mtu mlango. Wale ambao watakuta jina halimo, sitaki watajwe hapa. Mimi nami nisingependa kutajwa mwaka jana. Nataka tu liingizwe kabla ya muhula ujao kufunguliwa.

Binti niliyewaambia yuko darasa la sita sasa. Hesabu zake ni nzuri, Kiingereza bado.

Naomba radhi kwa kelele iliyosikika mlangoni nilipokuwa nikisoma habari za New Zealand. Ni yule wa kwangu. Leo ni Jumamosi, mama mlezi yuko shamba, na mke wangu ana zamu. Nalimwomba Katibu ruhusa jana, kwa maandishi.